Kabati la Jirani na Darasa la Tatu

Nilipomaliza chuo cha ualimu, miaka ya hamsini, nilipangiwa darasa la tatu kwenye shule moja ya Chumbageni. Nilikuwa msichana wa Muheza, mwembamba, mwenye sauti ndogo, nikakaa kwa shangazi yangu aliyekuwa mshonaji. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto asiyesikiliza ama ana njaa, ama haoni ubao, ama mwalimu wake anachosha. Hawakututajia kabati.

Darasa langu lilikuwa la mwisho kabisa. Dirisha lake halikuwa na kioo, lilikuwa na mbao mbili tu za kufungia, na lilitazama moja kwa moja ua wa jirani. Kati yetu palikuwa na kichochoro cha kupita mtu mmoja na uzio wa makuti uliolegea. Jirani alikuwa fundi viatu, mzee mrefu aliyeweza kushona soli kutwa nzima bila kuinua kichwa, lakini neno moja la mkewe lilimwinua papo hapo. Mkewe alikuwa mama mnene aliyepika vitumbua vya kuuza, na maneno yake yalikuwa ya moto kuliko kikaango chake. Watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa, wakahama. Nyumba ile ilibaki na watu wawili na nafasi tele ya kugombana.

Juma lile nililoanza kazi, fundi viatu alinunua kabati. Lilikuwa la Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa akihama na kuuza vyombo vyake. Kabati la mninga, milango miwili, na juu yake taji la nakshi lililochongwa maua na majani, limetokeza mbele na nyuma. Lilikuja kwa mkokoteni. Wachukuzi wakalifikisha mlangoni, likakataa kuingia. Wakaligeuza ubavu, likakataa. Wakalilaza, likakataa. Mwishowe wakalitua uani, wakapewa ujira wao, wakaenda zao.

Kuanzia asubuhi ya pili sikuwa na darasa.

Mume alitaka mlango ubomolewe upanuliwe. Mke alitaka kabati likatwe.

"Kabati la mninga halikatwi kama papai," nilimsikia mume akisema, nami nikiwa katikati ya hesabu za kugawanya.

"Na ukuta wangu haubomolewi kama kichuguu," mke akajibu. "Ukiugusa, unipeleke kwetu Mkwaja kwanza."

Watoto wote walikuwa wamegeuza shingo. Nilipowaambia watazame ubao walitazama, lakini masikio yao yalibaki uani.

Nikafunga dirisha. Joto likawa kali na giza likaingia, watoto wakaanza kusinzia, na wale wasiosinzia wakasogea kuchungulia kwenye nyufa za mbao. Nikafungua tena. Nikageuza madawati, wakalipa dirisha kisogo. Sasa hawakuona kitu, basi kila kishindo cha uani kikazua minong'ono ya kuulizana ni nini kile. Nikajaribu kuipandisha sauti yangu iishinde ya mama wa vitumbua. Nilikuwa nikieleza habari za mvua na mawingu, nikipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama, nikamsikia mama yule akimwambia mumewe: "Unasikia? Hata mwalimu kakasirika."

Mwalimu mkuu, mzee wa makamo aliyependa utulivu, aliniita ofisini.

"Mwanangu," akasema, "mbona darasa lako linapiga kelele kuliko soko?"

"Si darasa, mwalimu. Ni mimi."

Akanishauri nichukue fimbo. Nilichukua. Niliipiga mezani siku ya kwanza ili kuwashtua, ikavunjika, na darasa zima likacheka. Huko uani mke akauliza ni nini kimevunjika, mume akasema anatumai ni mlango.

Lakini lililonimaliza ni imla. Nilisoma polepole, nikiwa nimeshika kitabu, hadithi fupi ya mkulima aliyekwenda shamba na jembe lake. Nilipokusanya madaftari na kusahihisha nyumbani kwa shangazi, nilikuta mtoto mmoja ameandika: "Mkulima aliamka mapema akachukua jembe lake na mchwa watalila hapo hapo nje wewe utazame." Mwingine aliandika: "Alipofika shamba alipanda mahindi na kunde na mama yako alinionya." Hakukuwa na kosa hata moja la herufi. Nilimsomea shangazi, akacheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani.

"Hao watoto wanasikiliza vizuri sana," akasema. "Tatizo hawakusikilizi wewe."

Nilichukia kidogo. Lakini usiku kucha neno lile lilinizunguka, na asubuhi nikabisha hodi kwa jirani kabla ya kengele.

"Hodi hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitumbua."

Nilikaa mkekani, nikala, nikamweleza kwa adabu kwamba watoto hawasomi kwa sababu ya kabati. Alisikitika kwelikweli. Alimwita mumewe, naye akasikitika. Wakakubaliana, na nadhani ndilo jambo la kwanza walilokubaliana mwezi ule, kwamba hawatagombana tena wakati wa masomo. Watagombana wakati wa mapumziko.

Walitimiza ahadi. Saa za masomo ua ukawa kimya, na watoto wakawa hawatulii kabisa, kila mmoja akiingojea kengele. Ikilia, hakuna aliyecheza mpira wala rede. Wote walijipanga kwenye uzio kama watu wa harusi wanaosubiri biriani. Walikuwa wamekwisha gawanyika pande mbili, watu wa mlango na watu wa kabati, na wawili wakaniomba niwatenganishe dawati kwa kuwa hawawezi kukaa pamoja na mtu wa upande ule.

Siku moja niliposimama nao pale uzioni, maana na mimi sasa nilikuwa nataka kujua, niligundua jambo. Mume alisema mlango una shibiri tatu na kabati shibiri nne. Mke akasema uongo, mlango una shibiri nne na kabati tano. Kila mmoja alipima kwa kiganja chake mwenyewe, na kiganja cha mume kilikuwa kipana kama sinia. Watoto wakaanza kubishana nani mkweli. Na mimi juma lile nilikuwa nikihangaika kuwafundisha futi na inchi, wao wakipiga miayo.

Kesho yake nilikuja na futikamba ya shangazi. Nikaomba ruhusa kwa wenye nyumba, nikalitoa darasa zima kupitia kichochoroni, mmoja mmoja, mpaka uani. Mama wa vitumbua alikwisha kufagia na kuvaa khanga mpya kwa ajili ya ugeni. Fundi viatu aliliondolea kabati gunia alilolifunikia, akalipangusa.

Sijawahi kuona darasa lililosikiliza vile. Nilisema taratibu, kwa sauti yangu ile ndogo ya kawaida, na hata kuku tungemsikia akipumua. Mtoto mmoja alishika futikamba juu, mwingine chini, wa tatu akasoma, wa nne akaandika chini kwa kijiti. Mlango ulikuwa na upana wa futi mbili na inchi tatu. Likigeuzwa ubavu, kabati lenyewe lilikuwa futi mbili na inchi mbili. Taji likafika futi mbili na nusu.

"Futi mbili na nusu ni inchi ngapi?" nikauliza.

"Thelathini," wakaitikia wote, pamoja na mama wa vitumbua.

"Na mlango?"

"Ishirini na saba."

Tulikuwa hapo wakati mwalimu mkuu alipoingia uani akiwa na mkaguzi wa shule. Mkaguzi alikuwa Mshambaa wa milimani, kaptura ya kaki, soksi ndefu, miwani. Walikuwa wametukosa darasani, wakafuata sauti. Mwalimu mkuu alikuwa na uso wa mtu aliyemeza mbegu ya chungwa.

Nilimwamkia mkaguzi. Aliitikia, akalitazama kabati, akatutazama sisi.

"Hiki ni kipindi gani, mwalimu?"

"Hesabu, bwana. Vipimo."

Akamgeukia mtoto mmoja wa kike, yule yule aliyempeleka mkulima wangu shambani na mchwa. "Futi moja ina inchi ngapi?"

"Kumi na mbili, bwana," akajibu. "Lakini kabati halizuiwi na futi, linazuiwa na kofia. Likivuliwa kofia litaingia."

Mke akamtazama mume. Mume akalitazama taji. Mkaguzi akavua miwani, akasogea, akapapasa ule uungio wa juu kwa vidole, akasema taji limepigiliwa misumari tu. Fundi viatu akaenda kuleta koleo lake la kung'olea misumari ya soli. Ndani ya muda mfupi taji lilikuwa chini, na kabati likainuliwa na mume, mwalimu mkuu na mkaguzi mwenyewe, soksi zake zikiwa zimeshuka, watoto wakiwaelekeza kushoto, kulia, pole pole. Liliingia. Watu wa mlango na watu wa kabati wakashangilia pamoja.

Mkaguzi alikula vitumbua vitatu, akaniambia kwamba siku nyingine nitangulie kutoa taarifa ofisini, akaondoka. Mwalimu mkuu hakunitajia tena habari za fimbo.

Taji lenyewe halikurudi mahali pake. Tulikuwa tumepima upana, kimo hatukupima, na ndani boriti za dari zilikuwa chini mno. Jioni ile ile niliwasikia wakianza: mume anataka boriti ipandishwe, mke anataka taji liwe kuni. Niliwaomba watungoje mpaka Jumatatu, wakangoja, na darasa la tatu likajifunza kutoa: kimo cha dari, toa kimo cha kabati.

Miezi michache baadaye mtihani ulifanyika. Katika vipimo darasa langu liliwashinda wote wa shule ile. Katika kuandika barua walifanya vibaya sana, kwa kuwa karibu nusu yao waliandika majibizano. Nilikaa nao kivulini mwa ukuta, nikawafundisha barua upya, tukaanza na ya kumwomba fundi seremala aje kwa jirani kulitazama lile taji.