Kisanduku cha Nyuma ya Televisheni

Maneno yenyewe niliyasema jikoni, mwezi wa sita, simu nimeibana kati ya sikio na bega huku nachambua maharage. Dada yangu wa Moshi aliuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamjibu kwa Kichaga, kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo si ndogo: mume wangu alishaondoka zamani, hapa nimeachiwa gunia tu, nalilisha, naligeuza, nalifuta. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi. Yeye alikuwa kwenye kiti chake, hatua nne kutoka niliposimama.

Sikuogopa hata kidogo. Mume wangu ni Mwarusha wa huku kwetu Ngaramtoni, mimi ni Mchaga, na kwa miaka thelathini na moja tumeishi kwa Kiswahili. Kichaga kilikuwa changu na ndugu zangu. Yeye alikuwa na Kimaasai chake, na dada zake wakija walikaa wakinisengenya mbele ya macho yangu, nami nikiwamiminia chai bila kujua nasemwa nini. Nyumba nyingi za Arusha zinaishi hivyo na hakuna anayelalamika. Kila mtu ana kona yake ya kutemea sumu.

Kiharusi kilimpiga wakati wa masika. Alikuwa bwana mifugo mstaafu, mtu wa kuongea kutoka nyumbani mpaka mnadani na kurudi, akianza habari ya ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe, hata mbuzi wanachoka kusikiliza. Sasa mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na katika maneno yote aliyokuwa nayo lilibaki moja tu: haya. Haya ya kutaka maji, haya ya choo, haya ya kukataa uji. Miezi minne niliishi na neno hilo. Nisitafute kisingizio, lakini yule aliyesema habari ya gunia alikuwa mwanamke aliyechoka.

Wiki mbili baada ya ile simu nilimpeleka hospitali kwa mazoezi. Binti anayemnyoosha mikono alinivuta pembeni.

"Mama, umewahi kumjaribisha kuandika?"

"Kalamu inamshinda."

"Sio kalamu. Tafuta kompyuta, ile ndogo ya bei nafuu, mnaiunganisha na televisheni. Herufi zinakuwa kubwa, na kibodi iwe kubwa pia. Wengine maneno yote yamo ndani, ni mdomo tu uliogoma." Halafu akacheka kidogo, kwa wema kabisa. "Na usishangae akianza kukueleza mambo ya tangu alipougua. Wanasikia kila kitu hawa."

Nikamshukuru, huku jasho likinitoka kwapani, na ilikuwa Julai, Arusha ile ya masweta, mlima umejifunika tangu asubuhi.

Njiani nilijipa moyo. Asikie, sawa, lakini asikie nini? Nilikuwa nimesema kwa Kichaga. Mtu hasikii lugha asiyoijua, anasikia kelele tu. Nilikuwa nimeshatulia kabisa nilipokumbuka chumvi.

Marehemu mama yangu alikaa kwetu miaka miwili. Siku moja nilimwambia kwa Kichaga kwamba chumvi imeisha, na mume wangu alikuwa mlangoni anavaa viatu. Jioni alirudi na chumvi. Nikasema ni bahati. Na tena nikakumbuka jinsi alivyopenda kukaa jikoni na mama yule asiyejua Kiswahili vizuri, wawili hao na bakuli la ndizi mbichi, mmoja anamenya, mwingine ananyamaza. Nilikuwa nikiwacheka, nikijiuliza wanaambiana nini. Sasa nilijiuliza swali lile lile, na sikucheka.

Kwanza nilijaribu kupita njia ya mkato. Nilimpa simu yangu. Kidole chake cha kushoto kilitua juu ya herufi tatu kwa pamoja, zikatoka takataka, akabonyeza tena, takataka tena, mpaka akaisukuma simu ikaanguka chini. "Haya," alisema, na chozi likamtoka kwenye jicho lile zima. Mimi nilichohisi ni nafuu. Nimelibeba hilo tangu siku ile na sijamwambia mtu kanisani.

Basi nikaenda mjini, Kaloleni, kwenye duka la kompyuta za mtumba. Mwenye duka ni mwanaume wa makamo, miwani ameifunga kwa uzi, nami nikajitambulisha kuwa ni fundi cherehani asiyejua lolote zaidi ya kuwasha na kuzima. Alinipangia mezani visanduku vitatu, kila kimoja ukubwa wa kitabu cha nyimbo.

"Hizi mbili zimetoka maofisini Ulaya, mama. Wakibadilisha wanaziuza kwa mafungu. Ni imara, na ukitaka kuongeza memori baadaye unafungua, unaongeza. Hii ya tatu ni mpya, inang'aa, bei ni hiyo hiyo, lakini kila kitu kimegandishwa humo ndani. Ikizidiwa, ndiyo basi."

"Kwa hiyo nichukue ya mtumba?"

"Ningekuwa mimi, ndiyo. Ila televisheni yako ina tundu la HDMI?"

Sikujua, na nilifurahi sana kutojua. Nikamwambia nitaenda kuangalia. Kutoka Kaloleni mpaka nyumbani si mbali, lakini nilichukua wiki nzima. Kila siku nilipita nyuma ya ile televisheni na ufagio, tundu nikaliona siku ya kwanza kabisa, nikaendelea kufagia.

Mara ya pili nilikwenda na picha ya tundu kwenye simu. Akawasha kisanduku cha kwanza. Nikasema feni yake inalia, mgonjwa atasumbuka. Akawasha cha pili, hakilii. Nikauliza umeme ukikatika je? Akaniambia ukweli: kompyuta hizi hazina betri kama laptop, umeme ukikatika na yenyewe inazima hapo hapo, labda uongeze kile kifaa cha kutunza umeme dakika chache.

"Ah, hapana," nikasema, nikachukua mkoba wangu. "Huku kwetu umeme si wa kuaminika. Ngoja nifikirie."

"Mama," alisema, "unachagua kompyuta au unamchagulia binti yako mchumba?"

Nilicheka pamoja naye. Nikatoka nje na nikasimama kwenye kivuli cha ukuta. Nilijua ninachofanya. Ninachagua vitambaa tangu nikiwa msichana, naweza kujua pamba ya kweli nikiwa nimefumba macho, na mteja anayezunguka mbuyu namtambua akiwa bado mlangoni: huyo hatafuti kitambaa, anatafuta sababu ya kurudi nyumbani bila nguo.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana nilianza kumwogopa. Nilimwosha nikiwa nimeangalia ukuta. Nilianza kumsemesha kwa sauti nyororo ya uongo, baba hivi, baba vile, kumbe sijamsemesha hivyo hata siku ya harusi. Aliniangalia tu. Nilikuwa na hofu mbili, na kila moja ilinikaba kwa zamu. Ikiwa ndani hamna maneno, basi nililosema ni kweli, na mume wangu kweli ameondoka. Na ikiwa yamo, basi alinisikia. Kila nilipoomba Mungu nilijikuta sijui nimwombe lipi.

Mara ya tatu nilikwenda kwa sababu binti wa hospitali aliuliza mbele yake, "Mama, ile kompyuta vipi?" Mume wangu akageuza shingo yote kuniangalia. Haya, akasema. Hiyo haya niliielewa.

Mwenye duka aliponiona hakuinuka. Alikivuta kile kisichokuwa na kelele, akachomeka, akafungua ukurasa mweupe, akanisukumia kibodi kubwa ya herufi nyeupe.

"Kijaribu mwenyewe. Andika chochote."

Nilikusudia kuandika jina langu. Vidole vikaandika: ulisikia.

"Nilisikia nini, mama?" aliuliza, kwa mshangao kabisa.

Nikafuta haraka. Nikamwambia hakuna, nimekosea, halafu nikaanza tena habari ya chaja, kama ni halisi, kama haitalipuka, na waya mbona mfupi. Alinijibu yote. Chaja ni ya kisanduku chenyewe, imekuja nacho, waya unaongezwa kwa ekstensheni, kasoro yoyote nirudishe ndani ya wiki mbili. Kisha akauliza kitu cha kawaida tu, huku akifuta vumbi kwenye kibodi.

"Na mzee mwenyewe anasemaje? Anaitaka?"

"Hasemi," nikamwambia.

Aliacha kufuta. Mimi sikuwa na swali lililobaki. Nililipa, bei ya cherehani iliyotumika, naye akaniwekea herufi kubwa na kuupanga ukurasa ule ufunguke wenyewe kila nikiwasha.

Nilikifunga siku iliyofuata, kabla ya chakula cha mchana. Kisanduku nilikiweka nyuma ya televisheni, nikaunganisha waya kama alivyonionyesha, nikampandishia mume wangu mapajani ule ubao ninaokatia kola, na kibodi juu yake. Televisheni ikawa nyeupe. Alinyoosha mgongo, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu masika.

Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na swichi ya ukutani. Sikukaa pale kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimeukumbuka vizuri ule usemi wa mwenye duka, kwamba haina betri. Kidole changu kikigusa swichi ile, televisheni inakuwa nyeusi, nami nasema umeme umekatika, pole baba, na nani angebisha? Wilaya nzima ingenitetea. Nikaweka mkono ukutani, jirani na swichi, nikauacha hapo.

Kidole chake kilizunguka hewani juu ya herufi muda mrefu kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kikashuka. Herufi moja ikatokea, kubwa kama kiganja changu. Kikashuka tena. Alikosea, nikamwonyesha pa kufutia, akafuta. Herufi nne, tano, na hazikuwa Kiswahili. Nikawaza, takataka, kama kwenye simu, ndani hamna kitu, na nikashangaa jinsi nilivyoumia, maana hiyo nafuu niliyoitegemea haikuja. Nilianza kulia. Nikautoa mkono ukutani nijifute.

Nilipotazama tena alikuwa amemaliza. Nilisoma mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa midomo, na midomo ndiyo iliyoelewa. Ilikuwa Kichaga. Kichaga kilichoandikwa na mtu ambaye hajawahi kukiona kimeandikwa, ameyaweka maneno kama yalivyomwingia sikioni, na kwa namna ya mama yangu wala si yangu. Yalisema:

Gunia lina njaa.

Nilimtazama usoni nijue kama ni utani au ni hukumu. Zamani ningejua. Nusu ya uso ule haisogei siku hizi, na nusu nyingine peke yake haisemi ukweli wote. Jicho zima lilikuwa limenikazia, kavu, la mtu anayesubiri.

Nilishuka kwenye kigoda nikapiga magoti pale sakafuni. Maneno ya kuomba radhi niliyokuwa nimeyapanga kwa Kiswahili kwa wiki nyingi yalipotea yote. Nikamuuliza kwa Kichaga, mara ya kwanza katika ndoa yetu.

"Umekasirika?"

Kidole kikaenda kazini tena. Safari hii aliandika kwa Kiswahili, na alikuwa ameshaanza kuzoea, herufi zilikuja haraka kuliko nilivyotaka.

Sana.

Akapumzika. Jasho lilikuwa linamtiririka kipajini, nikataka kumfuta nikaogopa kumgusa. Akaendelea.

Chakula kwanza.

"Haya," nilisema mimi.

Nilikwenda jikoni. Nilipasha ndizi moto, nikaonja, nikaongeza chumvi, nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nilichelewa kule makusudi. Kupitia mlango ulio wazi nilimsikia anabonyeza, moja, halafu kimya, halafu moja, na nilijua nikimaliza kumlisha itanibidi nigeuke niisome televisheni.