Siku Tonton Amisi Aliponyamazisha Ngoma

Sisi tuliokulia Mangobo, hapa Kisangani, wakati inchi ikiitwa Zaire, mkitukuta leo tumekaa mahali pa kula mtatujua tu: mgongo ukutani, macho mlangoni. Wanangu wananicheka, wanasema mama anaogopa wezi. Wezi gani! Mwizi anachukua sufuria anakwenda zake. Sisi tulifundishwa kumwogopa mtu anayekuja kwako mchana, anakula lituma yako ya ndizi, anaisifu chumvi, halafu anakuuliza polepole, "Papa anasemaje siku hizi?"

Lakini msidhani tuliishi kwa kununa. Kartie yetu, mtaa wetu ule, ilikuwa na raha, wacha kabisa! Siku ya Jumapili, watu wakishatoka misa, vijana walitandika mikeka kwenye kiwanja kimoja wakatoa mchezo wa mlevi na mke wake, na mlevi mwenyewe alikuwa mwalimu wa katekisimu. Sisi wasichana tulicheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kurusha miguu, mpaka vumbi linafika magotini, huku harufu ya mikate ikitutesa, ile inayokaangwa kwa mafuta ya mawese. Wamama wa kwaya walifanya mazoezi upande huu, upande ule mzee mmoja kipofu anapiga likembe, na hakuna aliyemwambia mwenzake apunguze sauti. Shuleni ndiyo usiseme. Kabla ya somo, bendera inapanda, halafu animasyo: kila mtu anaimba na kucheza kumsifu Mkubwa wa inchi mpaka jasho litoke. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anacheza vizuri kuliko anavyofundisha.

Na msicheze vibaya! Papa yangu, karani wa serikali, mtu wa maneno machache, alikuwa akinikumbusha kila asubuhi kabla sijatoka: "Nyota, ucheke wakati unacheza. Mutu mwenye hachekake, watamuuliza sababu."

Kila kartie ilikuwa na kundi lake la animasyo. La kwetu lilifanya mazoezi kwenye kiwanja chetu, kwa sababu Mama ndiye alikuwa mshonaji. Wanawake kumi na wawili, na mwanaume mmoja wa kupiga ngoma, Tonton Amisi. Hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa jirani, Mwislamu aliyetoka Maniema, fundi wa baiskeli, na binti yake Zaina tulilingana umri. Kila alfajiri nilimsikia akipita chini ya dirisha letu kwenda msikitini, na viatu vyake vilivyokatwa kwenye mpira wa gari: pwata, pwata, pwata. Jioni alinikalisha mbele ya beseni lililofunikwa akanifundisha kupiga. "Musichana anaweza vizuri," alikuwa anasema. "Mukono haiulizake kama weye ni nani." Nilimpenda Tonton Amisi. Nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu wa Papa, na hilo nalisema wazi kwa kuwa wale ndugu hawasomi.

Mwaka mmoja tukaambiwa mgeni mkubwa anakuja kutoka Kinshasa, na makundi yote yatacheza mbele yake. Chama kikaleta vitambaa, vile vya rangi ya kijani vyenye uso wa Mkubwa ndani ya duara, kila baada ya mkono mmoja uso mwingine. Hakuna mshonaji wa Zaire asiyejua sheria ya kitambaa kile. Uso unakaa kifuani. Unakaa mgongoni. Hauwekwi kichwa chini, haukatwi jicho kwa mkasi, na kabisa, kabisa haukai mahali ambapo mtu anakalia. Mama alitandika kitambaa chini akapima kwa chaki, akizungumza na ile picha kama na mteja mkorofi: "Sogea kidogo, Papa, mukono inapita hapa." Halafu anainua kichwa haraka kuangalia mlangoni ni nani amesikia.

Nguo kumi na moja zilitoka safi. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Mama Likofo, jirani yetu wa mbele, mwanamke aliyeongoza kundi, mwenye sauti ya kuamsha kartie nzima na mwili wa kujaza mlango. Kitambaa kikaisha kabla yake. Mama akaunga kipande na kipande, umeme umekatika, taa ya mafuta inatoa moshi, na kesho yake ndiyo mazoezi ya mwisho. Alipomaliza alikunja akapeleka. Mama Likofo akaivaa, akajiangalia kwa mbele kwenye kioo chake kidogo, akafurahi.

Jioni ya mazoezi kartie yote ilijaa kwetu. Wamama wakaimba wakitutazama, tukapiga makofi. Halafu ukafika mzunguko, pale ambapo wanawake wote wanageuka, wanatupa mgongo kwa watu na kukata kiuno. Mama Likofo akageuka. Yesu wangu! Uso wa Mkubwa ulikuwa umekaa palepale makalioni, na kila Mama Likofo alipotikisa, Mkubwa naye anatikisika, anakunja uso, anakunjua. Mtoto mmoja alicheka. Nadhani ni mimi.

Hapo Tonton Amisi akasimamisha ngoma. Ghafla, mikono juu ya ngozi. Wamama wakagongana, Mama Likofo akajishika nyuma, akajua. Mama alikuja mbio akamfunga kanga kiunoni. Watu walianza kukumbuka mambo yao nyumbani: huyu ameacha sombe kwenye moto, yule mtoto ana homa. Baada ya dakika chache kiwanja kikabaki kitupu, na mbuzi mmoja.

Usiku tukala. Papa alizima redio, akaanza kuhesabu kwa vidole majina ya waliokuwapo. "Mutu mumoja ataenda kusema," alimwambia Mama. "Mumoja tu anatosha." Nililala nikiwasikia wakigeuka kitandani, huyu kwa huku, yule kwa kule.

Kesho yake mchana walikuja vijana wawili wa chama wakawachukua Mama na Mama Likofo kwa mguu, mbele ya macho ya watu wote. Mama alirudi siku ileile kabla jua halijazama, mashini yake ya kushona haikuguswa. Mama Likofo walimfungia kashoni siku nne. Alitoka kanyolewa kichwa, viatu mkononi, na ile sauti yake haikurudi tena kama zamani. Kundi letu likakatazwa kucheza mbele ya mgeni. Kwa nini mmoja alirudi jioni na mwingine baada ya siku nne? Hilo sikujiuliza. Mtoto mama yake akirudi anafurahi, basi.

Swali la kartie lilikuwa moja: nani alisema? Jibu lilipatikana bombani, kwenye foleni ya maji, na mimi nilikuwapo na ndoo yangu. Mama ndiye alitamka, taratibu, macho kwenye maji: "Mwenye alisimamisha ngoma, yeye njo anajua. Sababu gani alisimamisha? Si alitaka watu waone?" Wanawake wakatazamana. Mama Likofo alikuwa palepale, kitambaa kichwani. Akasema, "Ni kweli. Ni yeye." Ikaisha hapo.

Kuanzia siku ile kila kitu cha Tonton Amisi kikawa na maana. Alikuwa na redio: anasikiliza nini? Alitengeneza baiskeli ya citoyen, kiongozi wa chama pale kartieni: kwa nini ya huyo? Alipita alfajiri: anatoka wapi mtu saa hizo? Watu wakaacha kumletea baiskeli. Ukimya ulikuwa unatangulia mbele yake, akifika watu wanaanza kusifia hali ya hewa. Na sisi watoto, sisi ambao alitupa pipi siku za sikukuu, tukamtungia wimbo. Sema ukweli, Nyota: wewe ndiye uliutunga. Nilichukua mpigo alionifundisha mwenyewe, nikaweka maneno ya ngoma yenye masikio na viatu vinavyokwenda kusema. Tuliuimba chini ya dirisha lake, beseni mkononi mwangu. Zaina aliacha kuja kucheza nzango. Sikumfuata.

Alistahimili kama mwaka mmoja. Siku ya kuondoka, lori la kwenda Bafwasende likingoja barabarani, alikuja kwetu kuaga. Mama alijifungia ndani. Nilisimama mlangoni nimekaza uso kama polisi.

"Mama yako iko?"

"Hayuko."

Mashini ilikuwa inalia ndani, trrr, trrr, mimi na yeye tunaisikia. Akatabasamu kidogo.

"Bon. Akirudi, umwambie ile pedali inalia sana. Atie mafuta, vinginevyo itavunjika."

Akaenda zake. Kundi halikupata mpiga ngoma mwingine wa maana. Tuliendelea kucheza miaka mingi, inchi ilitaka tucheze, lakini mguu na ngoma havikukutana tena vizuri.

Miaka imepita. Inchi imebadilisha jina, na ule uso umetoka kwenye vitambaa. Mwaka juzi, nikinunua samaki wa kukaushwa sokoni, mwanamke mmoja aliyejifunga mtandio akaniangalia sana. "Weye si Nyota wa mushonaji?" Alikuwa Zaina. Tulikaa kwenye benchi la muuza chai, na mimi, tabia ni tabia, nilichagua upande wa ukutani. Akanipa habari: baba yake alishafariki zamani, kulekule Bafwasende. Nikaagiza chai mbili, ule wimbo ukinizunguka kichwani. Yeye ndiye alianza.

"Papa alijua mwenye alisema, unajua? Asubuhi ile alitoka musikitini, akaona mama yako anagonga kwa citoyen wa chama. Peke yake, kanga kichwani. Mama yangu alimwambia, sema basi, useme uokoke! Papa akakataa. Akasema, yule mwanamuke iko na watoto, na kama mimi ninasema, mimi pia nitakuwa mutu wa kusema."

Chai ilipoa. Nilitaka kumwambia anadanganya, mdomo ukakataa, kwa kuwa mchana ule wote, Mama kurudi kabla ya jua kuzama, mashini kutoguswa, ulikuja ukakaa mbele yangu kwenye benchi.

Mama yangu angali hai. Amezeeka, anakaa mlangoni, na kila anayepita lazima aulize ni nani na anakwenda kwa nani. Nikafika na samaki wangu, nikamwuliza bila kuzunguka. Alipokea samaki, akaanza kuwapanga kwenye sinia.

"Ulitaka nifanye nini?" akasema mwishoni. "Kushona nilikosea mimi. Niliogopa. Mutu mumoja angeenda, baba yako alihesabu. Nikasema niende kwanza, kabla yao. Citoyen akaniuliza, mwenye kuvaa hakuona? Nikajibu, Mama Likofo alijiangalia kwenye kioo, aliona, akavaa vilevile." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Na nilipotoka, unajua nilimukuta nani pale kwa mulango? Mama Likofo. Mukono umeshainuka wa kugonga. Tukaangaliana. Hakuna hata mumoja wetu aliyesema kitu mpaka leo."

Kumbe njia ile ilikuwa na watu wengi asubuhi ile. Mshonaji alikuwa anatoka, mwimbaji anaingia, na sijui wangapi wengine walisikia viatu vya mpira, pwata, pwata, wakajificha nyuma ya ukuta wakingoja zamu yao. Mtu aliyepita mlango ule bila kugonga alikuwa mmoja, na ndiye tuliyemfukuza.

Nilimkasirikia Mama. Bado namkasirikia, na jioni nampelekea chakula, na tunakaa pamoja kuangalia barabara. Sijui nifanye lingine gani.

Mjukuu wangu ana miaka kumi na mitatu. Yeye na wenzake hawahitaji kiwanja wala kundi wala mshonaji. Wanasimamisha simu kwenye kopo, wanacheza mbele yake wakiwa na suruali zilizochanika, ambazo enzi zetu Mama angezishona bure kwa huruma. Juzi nilimwuliza ni nani anawatazama. "Watu wengi, tate," ndivyo anavyoniita bibi yake, "wengi sana." Unawajua? "Hapana." Nikainuka nikafunga dirisha, wakacheka mpaka wakakaa chini. Wanasema lolote juu ya mkubwa yeyote, kwa sauti, mlango wazi. Nawaonea wivu, na nawaogopea, na wakati mwingine nawahurumia, kwa sababu hawajui jinsi kartie nzima ilivyokuwa inapumua pamoja kwenye kiwanja kimoja kabla ya kugeukiana.

"Tate, tuimbie moja ya zamani," mjukuu akaniambia, simu imeshaelekezwa kwangu. Nikavuta beseni, nikaligeuza, nikaanza mpigo. Mkono ulikumbuka vizuri sana. Nikatafuta wimbo wa kundi, ule wa mzunguko, nikapata neno moja tu. Nikatafuta wa shuleni, haupo. Zote zimepotea, miaka yote ile ya kucheza kila asubuhi. Uliokuja ulikuwa mmoja, mzima, neno kwa neno, wa ngoma yenye masikio. Nikamwambia mtoto azime simu.