Swali la Figo Kwenye Chumba cha Mengineyo

Kwenye lile jukwaa la mtandaoni ambako wanafunzi huomba msaada wa kazi za nyumbani, anajulikana kwa jina la Fagio. Nyumbani ni Mama Pacha, na shuleni ni mtunza maabara, mtu wa kuosha chupa na kufungia asidi kabatini. Kazi ya jukwaani haina malipo wala shukrani: kupita chumba hadi chumba na kurudisha kila swali mahali pake. Mtoto akitupa swali la mwendokasi kwenye Biolojia, yeye hulibeba mpaka Fizikia na kumwachia mwenyewe ujumbe wa kumweleza kosa lake.

Swali lisilo na kwao hupelekwa Mengineyo. Mengineyo ni stoo. Humo yumo anayeuliza kama mwalimu mkuu anaweza kurogwa, yumo anayetafuta mchumba, na wajibuji wenye akili zao hawakanyagi huko.

Fagio hana mchezo na sheria. Useme uko darasa gani, na uonyeshe ulichojaribu mwenyewe kabla ya kuomba msaada, la sivyo swali lako nalo linaishia stoo. Nyingine inawahusu wahamishaji: aliyehamisha swali haruhusiwi kulijibu, maana zamani kuna waliokuwa wakijihamishia maswali mepesi ili wajizolee sifa.

Mwaka mmoja figo za mumewe ziligoma. Ndugu za mume walipimwa, hakuna aliyefaa. Aliyefaa ni mdogo wake Mama Pacha, fundi friji, ambaye alikwenda kupimwa ili tu asionekane amekaa pembeni. Daktari alimweleza yote na kumwambia aamue mwenyewe, asisukumwe na mtu. Lakini alimweleza mbele ya ndugu wa mgonjwa, na mbele yao fundi hakuthubutu kuuliza kitu. Tangu siku hiyo ukoo mzima ukawa unamtazama kama sufuria iliyo motoni.

Jumapili moja alikuja kuwatengenezea friji. Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji, dada mtu kamshikia tochi.

"Dada, lile jukwaa lako lina watu wa ajabu."

"Wamefanya nini tena?"

"Niliweka swali kule kwenye Biolojia. Mtu akitoa figo moja, hii inayobaki haichoki mapema? Basi kuna mshenzi mmoja anaitwa Fagio, kanitupa Mengineyo. Eti sijasema niko darasa gani, na sijaonyesha nilichojaribu mwenyewe." Akacheka peke yake. "Nijaribu nini, dada? Nijitoe figo kwanza nione?"

Mama Pacha hakucheka. Swali alilikumbuka. Alilihamisha asubuhi moja akisubiri chai ichemke. Mwandishi alijiita Gesi Imeisha, naye akadhani ni watoto wanaotania.

"Fagio ni mimi," alisema.

Fundi alitoa kichwa nyuma ya friji, akamtazama sana. Kisha akaomba bisibisi ya nyota.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Wewe ni mke wa mgonjwa. Ungenijibu nini?"

Jioni ile Mama Pacha alilirudisha swali Biolojia na kuandika kwamba lilihamishwa kimakosa. Hakulijibu. Sheria ilimkataza, na hata isingemkataza, hakuuamini mdomo wake.

Aliyejibu ni mwalimu mmoja mstaafu ambaye hana kawaida ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Wengi wanaotoa figo huishi vizuri na iliyobaki, aliandika. Lakini upasuaji ni upasuaji. Damu inaweza kuvuja, kidonda kinaweza kuingia wadudu, presha inaweza kupanda baadaye, na mara chache sana mtoaji hufa.

Mama Pacha alilisoma jibu hilo amesimama, na hasira zikampanda. Alimchukia mwalimu wa watu kwa kusema kweli. Angeweza kuufuta ule mstari wa mwisho. Angeweza kulirudisha stoo swali pamoja na jibu lake, na hakuna ambaye angehoji, maana mikono ya Fagio haihojiwi. Mumewe alikuwa amelala chumba cha pili, miguu imevimba. Alikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima chenyewe. Jibu akaliacha kama lilivyo.

Siku chache baadaye fundi alibisha hodi. Hakuketi.

"Nimelisoma jibu."

"Najua."

"Naogopa, dada. Nimejilazimisha nimeshindwa. Sitaweza."

Mama Pacha alitamani kumzaba kofi, na alitamani kumkumbatia, vyote kwa wakati mmoja. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Haya," alisema. "Umekula?"

"Sina njaa."

Fundi aligeuka kuondoka. Alikuwa ameinama anavaa viatu mlangoni, sauti ya shemeji yake ikatoka chumbani.

"Mama Pacha, huyo si shemeji? Mbona anaondoka bila kunisalimia?"

Mama Pacha alikwenda akasimama kwenye mlango wa chumba. Ukuta wa nyumba ile ni mwembamba, na usoni kwa mumewe aliona kwamba hakuna lililompita.

"Anaona haya," alimwambia.

"Haya ya nini? Mwambie aingie akae. Hata mimi ningeogopa."