Shavu la Mfalme wa Siam

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kutunza picha, kule Hopkins ughaibuni, sikuruhusiwa kugusa picha hata moja. Mkuu wa karakana, mama mrefu asiyepandisha sauti, alinipa pamba na vijiti nitengeneze vifutio. "Viringisha. Nitakuita."

Aliniita Januari, baridi ilipopamba moto. Ninyi mnaoanza kazi hii mjue kwamba picha iliyochorwa kwenye ubao huumizwa zaidi na joto la ndani kuliko theluji ya nje. Hita hukausha hewa, ubao hunywea, lakini rangi hainywei. Hapo rangi huinuka kama magamba ya samaki.

Picha yenyewe ilikuwa pambo la juu ya meko ya kuotea moto sebuleni: wajumbe wa Kireno wamepiga goti, wanamkabidhi mfalme wa Siam upanga. Kwenye shavu la mfalme, kipande cha rangi kama ukucha kilikuwa kimeshikilia kwa ncha moja tu.

"Kikianguka kitapondeka," mkuu alisema, "na mimi sitambunia mtu uso. Shika taa, imulike kutoka ubavuni."

Otieno, fundi wa fremu kutoka Kisumu, alininong'oneza, "Enda, Mtanzania. Na usi-breathe."

Mkuu alichovya brashi kwenye gundi ya samaki, nyepesi kama chai. Gundi hiyo haipakwi. Unagusa ukingo tu, nayo hujipenyeza chini ya rangi. Kabla hajagusa, hita ya jengo ikanguruma, ikawaka yenyewe. Upepo ukatoka kwenye tundu la ukutani. Kipande kikaanza kutetemeka.

Mkuu hakuweza kuondoka, wala mimi na taa yangu.

Otieno aliruka akaliziba tundu kwa mgongo.

"Fanyeni haraka, jameni! Mgongo unaiva kama nyama choma!"

"Usinichekeshe," mkuu alisema, macho yapo palepale.

Brashi iligusa. Gundi ikaingia. Akaweka karatasi laini, akakandamiza kwa kisu butu chenye joto, akasubiri. Alipoibandua karatasi, shavu lilikuwa limelala.

"Otieno, toka sasa."

"Aki, nimeshashikana na ukuta."

Baadaye nilihamia karakana ya Oakdale, kisha ya Plymouth, nikawa mkuu mwenyewe. Vijana waliniuliza gundi ipi ni bora, nami niliwaeleza zote bila kuchoka. Lakini hadi nastaafu, sikuinua brashi kabla ya kuuliza: leo nani anasimama kwenye tundu?