Maulidi Hakuozesha Nyama

Bado haijaniingia akilini. Juzi tu Maulidi amenipigia simu kuniuliza chumba changu cha baridi cha samaki kinasoma ngapi. Jana tumemzika Kwihara.

Nimeona meseji zenu za pole, ahsanteni. Wengi mnamjua kama fundi mzee wa mafriji pale mjini, mtu wa kofia na utani. Lakini leo sikuja kulia tu. Nimekuja na jambo, na msinikimbie kabla sijamaliza.

Jana maiti ilipokuwa inatolewa ndani, mzee Ndahani, mtani wetu wa Kigogo, alijilaza mlangoni kama watani wanavyofanya. "Huyu hatoki," akasema. "Kwanza anilipe nyama yangu aliyoiozesha!"

Msiba mzima ukacheka. Mtani hakasirikiwi, hilo nalijua toka utotoni. Akapewa chake, akapisha jeneza, wanaume wakaenda makaburini.

Sisi wanawake tukabaki uani. Zuhura, mjukuu wa marehemu, akanisogelea macho yamemvimba. "Bibi, kwani babu aliozesha nyama ya nani?"

Nikamwambia asubiri, nitamjibu mbele ya wote. Basi Zuhura, jibu lako hili hapa, na walioangua kicheko nao wasome.

Enzi za Ujamaa, nikiwa binti, nilikuwa nauza kaunta kwenye bucha moja la ushirika hapa Tabora. Babu yako ndiye alikuwa fundi wetu. Ikaja mashine ya msaada ya kuongoza baridi, kisanduku chenye namba nyekundu zinazowaka. Watu walikuwa wanaingia buchani bila hata hela ya utumbo, wamekuja kuangalia namba.

Alikifunga mwenyewe. Akanifundisha na mimi, niliyeishia darasa la nne, bila kunidharau hata siku moja.

Alisema kisanduku hakina akili, kina pua tu. Pua yenyewe ni kile kichuma cha sensor mwishoni mwa waya. Kikinusa hewa ya chumba, kitakwambia habari za chumba. Kikinusa kitu kingine, kitakwambia habari za hicho kitu, na hakitakuwa kimesema uongo.

Akakitundika juu ukutani, pale hewa inaporudi kwenye feni, mbali na mlango, kisiguse ukuta wala nyama. Akatuwekea setting: ikifika nyuzi mbili kompresa, ile mashine ya kuleta baridi, inapumzika, ikipanda nne inaamka. Chini yake akachora mstari kwa chaki. Hapa hapatundikwi kitu.

Meneja wetu hakuupenda ule mstari. Kulikuwa na wageni wakubwa wanakuja, na nyama yao nzuri aliitaka ikae peke yake, isichanganyike na ya watu wa foleni. Nafasi iliyobaki ni ile tu aliyoizuia Maulidi kwa chaki.

Nilimwona kwa macho yangu. Alichukua ule waya "unaoning'inia ovyo", kama alivyosema, akausokomeza nyuma ya feni, kwenye mabomba yenye barafu. Kisha akatundika mapaja yake mawili ya ng'ombe, akafunga mlango. Maulidi siku hiyo alikuwa Tura, kaitwa kutengeneza friji la mafuta ya taa.

Mnaelewa kilichotokea? Pua imekaa kwenye barafu. Kompresa ikiwaka kidogo tu, kichuma kinaganda, kisanduku kinasema mbili, mashine inalala. Chumba kizima kinapata joto, na namba zinapendeza: mbili, nne, mbili, nne. Niliishika nyama, ina vuguvugu kama shavu la mtoto. Nikamwambia meneja. Akanionyesha namba.

Maulidi aliporudi, harufu ilimpokea barabarani.

Ikaitishwa mikutano. Siku zile neno lilikuwa moja tu, hujuma, na ukilibandikwa halibanduki. Maulidi alieleza habari ya waya. Lakini waya ulikuwa umesharudishwa mahali pake na mstari wa chaki umefutwa. Nikasimama na mimi nikasema nilichokiona. Wakasema binti anamtetea mchumba. Hakuwa mchumba wangu. Alikuwa rafiki yangu.

Akafukuzwa. Kwa miaka mingi hakuna aliyempa hata friji la soda alitengeneze. Alilima Kwihara, akaziba pancha za baiskeli, akasomesha watoto kwa pancha. Meneja akapandishwa cheo. Ameshatangulia, simtaji jina. Wajukuu zake tunasalimiana.

Mimi nilipofungua biashara yangu ya samaki wa barafu, fundi nilimwita yeye. Alipomaliza kufunga aliomba chaki.

Sasa, jana jioni nilimfuata Ndahani. Nikamwambia mtani, leo umenichoma, yote unayajua na bado ukamtukana maiti.

Akanijibu, "Dada, ni yeye aliyenituma. Mwaka huu huu, amelala Kitete hospitali. Aliniambia, mtani, siku yangu ikifika uidai ile nyama mbele ya watu wote. Nikamuuliza kwa nini ujiaibishe? Akasema, wanangu wameficha hii habari kwa haya, wajukuu hawaijui. Nyama isipotajwa, nani atauliza?"

Zuhura, wewe ndiye uliyeuliza.

Nina uchungu, sifichi. Mtu alikuwa na haki yake, na ili habari yake iulizwe ilibidi kwanza afe, tena adhihakiwe mlangoni kwake.

Haya Maulidi, umeulizwa na nimejibu. Asubuhi hii chumba kinasoma tatu. Nimewashika samaki kwa mkono kama ulivyonifundisha, ni wa baridi kweli. Mstari wako wa chaki nimeukoleza upya.

Lala sasa ndugu yangu, jina lako ni safi.