Mama Aliuliza Nilikula na Nani

Mama alipata kiharusi mwaka uleule niliostaafu jeshi la wanamaji. Niliposhuka basi Haydom na kuingia wodini, nilimkuta amelala, upande mmoja wa mwili umelegea na Kiswahili chake chote kimepotea. Kilichobaki ni Kidatooga, lugha yetu ya nyumbani. Changu mimi nilikuwa nimekiacha kijijini kwetu Mogitu tangu nilipokwenda shule ya bweni. Nilikielewa, lakini nikitaka kukisema, nilisema kama mtoto.

Nilimsalimia. Akanitazama kidogo, kisha akageukia ukutani.

Kwenye kitanda cha jirani, mwanamke mmoja kutoka Yaeda Chini alikuwa akimuuguza dada yake. Alinisikiliza nikihangaika na maneno, mwishowe akasogeza stuli yake.

"Shikamoo, mzee. Huyu ni mama yako mzazi?"

"Marahaba. Ndiye."

"Basi wewe sema Kiswahili. Mimi nitamwambia."

Ndivyo nilivyoanza kuzungumza na mama yangu, kwa kinywa cha mtu nisiyemjua.

Kwa miaka yote ya kazi nilikuja nyumbani likizo, nikachinjiwa mbuzi, nikaondoka. Hakuna aliyeniuliza nafanya nini huko. Wangeuliza nini, na bahari hawajaiona? Mimi mwenyewe mara ya kwanza kuiona nilikuwa kuruta. Waliniamuru niruke majini. Nikameza maji ya chumvi nikadhani nimekufa. Nikajifunza. Nikapanda vyeo mpaka nikakabidhiwa meli ya doria. Baba alifariki tukiwa mbali na nchi kavu. Habari ilinifikia kwa redio, nami nikaamuru safari iendelee, maana hapakuwa na mwingine wa kuamuru. Niliporudi, alikuwa ameshazikwa.

Siku moja mama aligeuka kutoka ukutani, akasema maneno mengi taratibu. Yule mwanamke akatabasamu.

"Anauliza, huko kwenye maji ulikuwa unakula na nani?"

Melini kamanda ana chumba chake na meza yake. Maafisa wangu walikula pamoja, na nilizisikia kelele zao. Nikiingia, walisimama, wakanyamaza. Kwa hiyo niliacha kuingia.

"Mwambie nilikula peke yangu."

"Safari nzima?" aliuliza mwanamke mwenyewe, kabla hata ya kutafsiri.

"Safari zote."

Akamwambia. Mama akatamka neno moja ambalo sikuhitaji kutafsiriwa: kwa nini?

"Mwambie ndiyo desturi, kwa sababu ya cheo."

Mwanamke alianza sentensi, akakwama, akaanza tena. "Mzee," alisema, "hilo sijui nilisemeje."

Mama hakungoja. Kwa mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa bado na nguvu, alisukuma bakuli lake la uji kuelekea kwangu. Uji ukamwagika kidogo shukani. Nilikunywa, nikamrudishia, akanywa, akanisukumia tena. Yule mwanamke alimgeukia dada yake, akajifanya anamtengenezea mto.

Tangu siku ile tulikula hivyo. Siku dada yake aliporuhusiwa, mwanamke yule alituaga kwa haraka kwa sababu gari la Yaeda Chini lilikuwa linaondoka. Baada ya hapo mimi na mama tulibaki na maneno machache niliyokuwa nayo: maji, baridi, lala, ng'ombe. Alifariki kabla ya mvua. Safari hii nilikuwapo, na udongo wa kwanza niliutupa mimi.

Sasa naishi Mogitu. Mke wangu yuko Dar es Salaam na wajukuu. Anasema baridi ya huku mlima Hanang inamuumiza miguu, na simlaumu. Nalima mahindi na maharage. Asubuhi majirani wakipita na mifugo yao nasimama uani nawasalimia kwa Kidatooga, nikiyapanga maneno vizuri kichwani kwanza. Wananijibu kwa Kiswahili safi, kwa heshima, na kuendelea na njia yao.