Mbegu Iliyosemekana Haitazaa

Nisikilize taratibu, ndugu yangu, maana ni neno moja tu na limenichosha: hataza. Ni haki ambayo sheria humpa aliyebuni kitu kipya, ili wengine wasikitengeneze wala kukiuza bila ruhusa yake. Siku hizi huombwa hata kwa mimea na mifugo iliyobadilishwa vinasaba.

Dada yangu mkubwa, niliyekua naye Molo ya kwetu Tororo kabla hajaolewa upande wa Kenya, alinunua mfuko wa mbegu ya pamba, ile iliyobadilishwa ili funza wasile vitumba. Nilipomtembelea, mvua ilikuwa imeshika, shamba limelimwa, na mfuko bado umefungwa.

“Sipandi,” akasema. “Si wewe ulisema kwa simu mbegu hii hatazaa?”

“Nilisema ina hataza, dada.”

“Ndiyo hiyo! Hatazaa. Kesho napanda viazi.”

Nikashika kichwa. Kwetu Tororo “mbegu hatazaa” ni Kiswahili kamili. Ngeli tumewaachia walimu. Neno langu la sheria lilikuwa linamnyima msimu mzima wa pamba.

Nikaanza upya, polepole. Itazaa. Itazaa vizuri, ukipalilia. Ila mwenye hataza anaweza kukukataza kutoa mbegu katika mavuno yako na kuzipanda tena au kuziuza.

Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. “Yaani shamba langu, jembe langu, mgongo wangu, halafu mbegu yake? Na ng'ombe wangu akizaa, ndama wa nani?”

“Wako. Lakini angekuwa ng'ombe wa kubadilishwa hivyo, mwenye hataza naye angeweza kudai neno lake.”

“Basi aje amkamue yeye, apigwe mateke yeye!”

Nilieleza mara tatu. Mara ya tatu, nakiri, nilipaza sauti, na yeye akanicheka: “Mwalimu, utapasuka.” Kisha akachukua panga, akakata mfuko, tukapanda hadi mchana. Alikuwa ameshawaahidi shangazi zetu wa Molo mbegu za mwakani. Ikabidi awapigie simu kuwaambia wasizitegemee. Mmoja alimwita mchoyo.

Kwa hiyo wewe, kabla hujalipia mbegu, muulize muuzaji: “Nitakachovuna, naruhusiwa kukipanda tena?” Akisita, mwombe akusomee maandishi ya nyuma ya mfuko, neno kwa neno.